Programu huria bila fundi ni kitabu kilichofungwa

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii huitaja nyumba, lakini katika enzi hii ya tarakilishi imepata maana ambayo wahenga hawakuiwazia. Ndani ya programu ambazo sisi wakazi wa Kisii na Nyamira huzitumia kila siku, sawa na watu wa Nairobi, Dar es Salaam au London, zimo nyufa ambazo macho ya mtumiaji hayazioni. Kwa muda wa robo karne nyufa hizo zilifumbiwa macho hata na mafundi wenyewe. Mnamo Mei 2024 zilitangazwa rasmi kuwa makosa, na kuta nyingi zikaanza kuyumba.

Ninalolizungumzia ni toleo la 14 la kompaila iitwayo GCC. Huenda msomaji akauliza: mwalimu wa isimu ana nini na mambo ya wahandisi? Jibu langu ni kwamba kompaila ni mfasiri, na mambo ya sarufi na tafsiri hayajawahi kuwa mageni kwa mtu wa taaluma yangu. Isitoshe, yaliyotokea huko kwa wahandisi yanagusa moja kwa moja lugha zetu wenyewe, kama nitakavyojaribu kuonyesha.

Programu ya tarakilishi huandikwa na binadamu kwa lugha maalumu. Mojawapo ya lugha hizo ni C, iliyobuniwa na Dennis Ritchie katika maabara ya Bell huko Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mtambo wenyewe hauijui C. Mtambo hujua tarakimu tu. Kazi ya kompaila ni kuyasoma maandishi ya mwanadamu, kuyapima kwa kanuni za sarufi, kisha kuyafasiri yawe tarakimu zinazoeleweka na mtambo. Maandishi yakikiuka sarufi, kompaila hufanya mojawapo ya mambo mawili: ama hutoa onyo na kuendelea na kazi, ama hutangaza kosa na kuikataa kazi yote.

GCC ilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1987 na Richard Stallman. Tangu mwanzo ilikuwa programu huria, yaani programu ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuisoma ilivyoandikwa, kuibadilisha na kuwagawia wenzake. Juu ya msingi huo ndipo ulipojengwa mfumo wa uendeshaji wa Linux, ambao kiini chake kilianzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991. Kutokana na kiini hicho yamezuka makusanyo mengi: Debian iliyoanzishwa mwaka 1993, Fedora, na Ubuntu, ambayo jina lake Mgusii hahitaji kufasiriwa, kwani yeye mwenyewe humwita mtu omonto. Mifumo hii ndiyo iliyoziokoa tarakilishi nyingi zilizochakaa katika shule na vyuo vya huku kwetu, kwa sababu haitozi ada ya leseni na haidai mtambo wa fahari.

Debian 13, iliyotolewa Agosti 2025, ina vifurushi vya programu zaidi ya 69,000. Nyingi mno kati ya programu hizo, hususan zile zilizoandikwa kwa C, hazina budi kupita mikononi mwa kompaila kabla ya kumfikia mtumiaji. Basi mfasiri huyu anapobadilisha msimamo wake kuhusu lipi ni sarufi sahihi na lipi si sahihi, mabadiliko hayo hayamgusi mwandishi mmoja. Yanaugusa umma mzima wa maandishi, yakiwemo yaliyoandikwa na watu waliokwisha kustaafu au kufariki.

Ni kipi hasa kilichobadilika? Katika C, sehemu moja ya programu huweza kuiita sehemu nyingine kwa jina ili iifanyie kazi fulani. Sehemu hiyo inayoitwa na tuiite kitendaji. Adabu ya lugha inataka kitendaji kitambulishwe kwanza: kinapokea nini na kinarejesha nini. Hapo zamani C ilisamehe utovu wa adabu hii. Mwandishi alipokiita kitendaji kisichotambulishwa, kompaila ilikisia kwamba kitarejesha namba nzima ya kawaida, ikaendelea na safari. Kanuni rasmi ya lugha hiyo ya mwaka 1999 iliuondoa msamaha huo. Hata hivyo, kwa miaka mingi iliyofuata, GCC ilitoa onyo tu. Watu wakayazoea maonyo kama mkazi wa kando ya barabara anavyozoea honi za matatu. Kompaila nyingine mashuhuri, Clang, ilikaza uzi katika toleo lake la 16 la Machi 2023. GCC ikafuata Mei 2024. Tangu hapo, kilichokuwa onyo ni kosa, na kazi yenye kosa haifasiriwi.

Mkulima wa chai wa Nyamira ataielewa hali hii kuliko mhandisi yeyote. Kila mchumaji anajua kwamba kinachotakiwa ni majani mawili na chipukizi. Tuseme karani wa kituo cha kununulia chai amezoea, mwaka baada ya mwaka, kuyapokea hata majani magumu, akinung'unika kidogo tu kabla ya kupima. Mchumaji atajifunza nini? Atajifunza kwamba sheria ni manung'uniko. Vidole vyake vitazoea kuchuma hivyo, na watoto wake watamwiga. Kisha asubuhi moja karani anayarudisha majani yote. Sheria haikubadilika hata chembe, ila ulegevu wa miaka mingi ulikuwa umekwisha kuzaa sheria nyingine, ile ya mazoea, na ni hiyo ya pili iliyofutwa bila mchumaji kuelezwa.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Waliokaza sheria hii walikuwa na sababu nzito. Ile dhana ya kompaila kwamba kila kitendaji kisichojulikana hurejesha namba ya kawaida haikuleta madhara makubwa wakati namba hiyo na anwani ya mahali katika kumbukumbu ya tarakilishi zilipokuwa na urefu mmoja. Katika mitambo ya leo anwani huwa na biti 64, ilhali namba hiyo ya kawaida ina biti 32 tu. Kitendaji kikirejesha anwani, na kompaila ikaidhania kuwa namba, nusu ya anwani hukatwa na kutupwa. Ni sawa na kumpa tarishi bahasha ambayo nusu ya namba ya sanduku la posta imefutika. Huenda barua ikafika kwa bahati. Huenda ikatumbukia katika sanduku la mtu mwingine. Programu ya namna hiyo hufanya kazi leo, kesho ikazima ghafla, na fundi asijue pa kuanzia.

Aidha, waliosimamia mabadiliko haya hawakuwavamia watu usiku. Zaidi ya mwaka mmoja kabla ya toleo hilo, wahandisi wa Fedora walianza kuvipitisha vifurushi vyao katika sheria mpya ili waone vipi vingekwama, wakavirekebisha, na kuwapelekea waandishi wa asili marekebisho hayo. Debian nayo ina desturi ya kuyafasiri upya makusanyo yake kwa kila kompaila mpya na kuwaarifu watunzaji kuhusu vilivyogoma. Kadhalika, GCC 14 iliacha mlango wa dharura: mtu anaweza kuiamuru kompaila iyashushe makosa haya mapya yawe maonyo kama zamani. Huo ni uungwana ambao hatuna budi kuukiri.

Hata hivyo, kuna mambo mawili yanayonitia wasiwasi. La kwanza ni kwamba si kila ukuta unaoanguka hutoa kishindo. Kabla ya kufasiriwa, programu nyingi huanza kwa kuupima mtambo kwa vijaribio vidogo: je, mfumo huu una uwezo fulani au hauna? Vijaribio hivyo navyo vimeandikwa kwa C, aghalabu kwa ile C ya zamani isiyojali utambulisho. Kompaila mpya hukikataa kijaribio kwa sababu ya sarufi yake mbovu. Programu nayo hudhani kwamba uwezo unaotafutwa haupo, ikaendelea kujengwa bila uwezo huo. Hakuna kosa linalotangazwa. Mtumiaji hupokea programu iliyopungua kiungo, akaja kugundua baada ya miezi kadhaa. Kelele ya kosa humwamsha fundi. Kimya cha namna hii humlaza usingizi.

La pili ni kwamba sheria haikukomea hapo. Toleo la 15 la GCC, lililotolewa Aprili 2025, lilichukua kanuni ya C ya mwaka 2023 kuwa ndiyo msingi wake pasipo mtu kuagiza vingine. Chini ya kanuni hiyo, maneno ya Kiingereza yenye maana ya kweli na uongo, pamoja na neno la kutajia aina ya thamani hizo, yamekuwa mali ya lugha yenyewe. Kwa miongo mingi waandishi wa programu walikuwa wakijitungia maneno hayo wenyewe, kila mmoja kwa namna yake, kwa sababu lugha haikuwa nayo. Sasa waliojitungia ndio wanaoambiwa kwamba wameiba jina. Mwanaisimu hawezi kuacha kutabasamu, maana haya ndiyo hasa hutokea kila lugha inaposanifishwa: neno lililozaliwa mitaani hupandishwa cheo, kisha aliyelizaa akaulizwa kibali cha kulitumia.

Sasa tuje nyumbani. Vifurushi vikubwa vyenye watunzaji wanaojulikana vilitibiwa mapema. Programu zilizobaki bila mwenyewe ni zile ndogo zilizoandikwa na mtu mmoja katika chuo, hospitali au ofisi, kwa haja ya mahali pale, na ambazo hazikuwahi kuingizwa katika kusanyo lolote kubwa. Aliye Fedora hajui kama programu hizo zipo. Nazo ndizo aghalabu zinazobeba kazi ya lugha zetu.

Mathalani, Ekegusii kina irabu saba, lakini huandikwa kwa kawaida kwa herufi tano tu za irabu. Herufi e hubeba sauti mbili, na o hubeba mbili. Zaidi ya hayo, kiimbo cha silabi, ambacho hutofautisha maana, huwa hakiandikwi. Mtafiti anayetaka kuandaa kamusi au kuchunguza mofolojia ya lugha hii hapati programu ya dukani inayoyajua hayo. Hana budi kujitengenezea. Mwenzangu mmoja, ambaye sasa amestaafu, aliwahi kuandika kwa C programu ndogo ya kuyapanga maneno ya Ekegusii kwa kuzingatia irabu zote saba. Wanafunzi wa uzamili waliitumia kwa miaka mingi kuandalia orodha za maneno ya tasnifu zao.

Tarakilishi za maabara tunayoitumia zilipowekewa toleo jipya la mfumo wa uendeshaji, programu ile ilihitaji kufasiriwa upya, na kompaila ikaikataa. Msimamizi mmoja alishauri itupwe na tutafute nyingine, kana kwamba nyingine ya Ekegusii inauzwa mahali. Aliyeiokoa ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu, mzaliwa wa Nyamira. Aliketi akausoma ujumbe wa kwanza wa kosa badala ya kuukimbia. Ulisema kwamba kitendaji fulani, ambacho mwandishi alikuwa amekiweka katika faili nyingine, kimeitwa bila kutambulishwa. Akaongeza mstari mmoja wa utambulisho, na programu ikafasiriwa. Jambo la kutia moyo zaidi likaonekana baadaye. Kwa miaka mingi programu ile ilikuwa na kilema: orodha ya maneno ikizidi urefu fulani, ilizima ghafla, nasi tukaamini kwamba tarakilishi zetu ni kuukuu. Kitendaji kile kilikuwa kikirejesha anwani, na nusu ya anwani ilikuwa ikikatwa. Mstari ule mmoja uliiponya programu ugonjwa wa zamani pamoja na ule mpya.

Nalitaja tukio hili kwa sababu ndani yake mna hoja yangu yote. Programu ile ilikuwa huria tangu siku ya kwanza; maandishi yake yalikuwepo, ruhusa ilikuwepo, na gharama haikuwepo. Hayo yote hayakutusaidia chochote mpaka alipopatikana mtu mmoja anayejua kusoma. Uhuru wa programu huria si bei yake, wala si leseni yake. Uhuru huo ni uwezo wa kuitengeneza inapoharibika, na pasipo na mwenye uwezo huo, kitabu kilichoachwa wazi mezani hakina tofauti na kitabu kilichofungwa kwa kufuli.

Historia ya Kiswahili inatufunza jambo hilohilo. Tungo za Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi mwishoni mwa karne ya 18 hadi katikati ya karne ya 19, zilihifadhiwa kwa vinywa vya watu na kwa hati za Kiarabu. Hati za Kirumi zilipotawala, na baadaye Kiunguja kilipoteuliwa katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, kazi za Kimvita zilikuwa katika hatari ya kugeuka maandishi yasiyosomeka kwa kizazi kipya. Zilinusurika kwa kuwa palikuwa na mafundi. Mwalimu Sikujua bin Abdallah alizikusanya na kuzieleza. Mmishenari William Taylor akaziandika kwa hati za Kirumi. William Hichens akazichapisha mwaka 1940. Kanuni zilibadilika, na mafundi wakavusha mzigo. Ni tungo ngapi zilizozama kwa sababu hazikumpata Mwalimu Sikujua wao?

Wapo watakaosema kwamba dawa ni kukataa mabadiliko: tubaki na kompaila ya zamani, na mfumo wa zamani, tuishi kwa amani. Ushauri huu unavutia, lakini ni wa muda mfupi. Mfumo usiosasishwa huacha milango wazi kwa wadukuzi, na mtambo mpya ukinunuliwa, mfumo wa zamani huenda usiutambue. Wapo pia watakaosema kwamba waliotupa zana bure hawatuwii deni, na leseni zao zinatamka waziwazi kwamba hazitoi dhamana yoyote. Kisheria wana haki. Lakini hata katika ulimwengu huohuo wa programu huria upo mfano mwema zaidi: Torvalds ameshikilia kwa miaka mingi kanuni kwamba badiliko katika kiini cha Linux lisivunje programu za watumiaji zilizokuwa zikifanya kazi, na likivunja, lawama ni ya kiini. Kompaila haiwezi kuifuata kanuni hiyo kikamilifu, kwa kuwa kazi yake ni kuhukumu sarufi. Inaweza, hata hivyo, kuufuata moyo wake: ilani ya mapema, majaribio ya wazi, na mlango wa dharura usiofungwa kwa pupa.

Upande wetu nao una wajibu. Kwanza, vyuo vyetu, kuanzia Chuo Kikuu cha Kisii kilichopata hati yake mwaka 2013 hadi vyuo vya ufundi vya kaunti zote mbili, vifundishe utengenezaji wa programu za zamani na si uandishi wa mpya pekee. Kila mwanafunzi wa sayansi ya tarakilishi akabidhiwe programu moja iliyogoma, aiponye, na alama zitolewe kwa kazi hiyo. Pili, mtafiti anayeandika programu kwa ajili ya lugha za kienyeji aihifadhi pamoja na maelezo ya kompaila aliyoitumia, na data yake iwe katika maandishi ya kawaida yanayosomeka bila programu hiyo. Tatu, serikali za kaunti zinaponunua programu zidai zipewe maandishi yake ya asili, na mafunzo kwa mafundi wa hapa, si wa Nairobi tu. Nne, kazi ya utunzaji ihesabiwe katika kupandisha vyeo wahadhiri. Kwa sasa anayeandika makala husifiwa, na anayeitunza programu ambayo tasnifu kumi zimeitegemea hajulikani hata jina.

Haya si anasa. Kifungu cha 7 cha Katiba ya mwaka 2010 kinaitaka serikali ilinde lugha mbalimbali za watu wa Kenya na kuendeleza matumizi ya lugha za kiasili. Katika karne hii lugha hailindwi kwa hotuba. Inalindwa kwa kamusi, kwa vitabu vya watoto, kwa vikagua tahajia na hifadhi za sauti za wazee, na vyote hivyo vimesimama juu ya programu. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa mstari wa mbele katika kuileta Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyosema Kiswahili, na tukashangilia. Lakini programu ya asili iliendelea kubadilika, na mwaka 2010 ikazaa tawi jipya la LibreOffice. Tafsiri haijivushi yenyewe kutoka toleo moja hadi jingine. Kila toleo hudai mikono mipya. Ikiwa Kiswahili chenye mamilioni ya wasemaji kinahitaji utunzaji wa kila mwaka, Ekegusii kitaachwa vipi bila mtunzaji hata mmoja?

Sokoni Daraja Mbili mjini Kisii, anayenunua suruali ya mtumba iliyo pana haendi kumlilia aliyeishona Ulaya. Huipeleka kwa fundi wa cherehani, ikapunguzwa kiuno, akaivaa kesho yake. Fundi huyo hakusomea maajabu. Alifunzwa kufumua mshono wa mtu mwingine bila kuogopa na kuushona upya. Kompaila zitaendelea kukaza sheria, toleo baada ya toleo, na ni haki yao. Tunaloweza kuliamua sisi ni kama kila toleo litatukuta na mafundi wa aina hiyo au litatukuta mikono mitupu. Waliolala na waamshwe, maana toleo jingine li njiani.